Hodi Jamvini: Historia Fupi ya Mabaraza ya Mtandaoni na Taabu za Kukua

Utangulizi

Mgeni afikaye kwenye nyumba ya Mswahili hupiga hodi, kisha husubiri. Asipoitikiwa hupiga ya pili na ya tatu. Kama bado kimya, adabu humtaka arudi alikotoka. Desturi hii inafahamika kwa kila mzungumzaji wa Kiswahili, na pengine kwa sababu hiyo haikuwashangaza wengi ilipojitokeza mahali pasipo na mlango. Katika JamiiForums, baraza la majadiliano lililoanzishwa Tanzania mwaka 2006 kwa jina la JamboForums na kubadilishwa jina mwaka 2008, wanachama wapya walizoea kuanza kwa kuandika "hodi hodi wakuu" na kuomba wapokewe. Wenyeji waliwajibu "karibu jamvini". Kiufundi, hodi hiyo haikuwa na kazi yoyote. Aliyeiandika alikuwa amekwisha kujiandikisha, amepata neno lake la siri, na anaweza kusema lolote katika chumba chochote. Hata hivyo alisimama kizingitini, kizingiti alichokijenga kwa neno lake mwenyewe, akangoja kuitikiwa.

Mhadhara huu unaifuatilia historia ya makundi madogo ya mazungumzo ya mtandaoni, hususan yale yaliyotumia Kiswahili, kwa kuzingatia swali moja. Kundi dogo huendesha mambo yake kwa desturi ambazo hazikuandikwa popote. Je, desturi hizo huwaje kundi linapokua? Maandishi mengi kuhusu jambo hili huzungumzia wingi: ujumbe mwingi mno, watu wengi mno, matusi mengi mno. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Kinachopungua hasa kundi linapokua ni mwenyeji, yaani mtu wa kuitikia hodi. Nafasi yake huchukuliwa na mlinzi. Badiliko hilo huonekana katika lugha mapema kuliko linavyoonekana kwa wanakundi wenyewe, na ndiyo maana ni suala linalowahusu wanaisimu.

Baraza, kijiwe na gazeti

Neno baraza limebeba historia ndefu. Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, baraza ni kwanza kile kikao cha mawe au saruji kilichojengwa mbele ya nyumba, nusu ndani ya milki ya mwenye nyumba na nusu ya mpita njia. Kutoka hapo neno lilipanuka likawa mkutano wa watu waketio hapo, kisha mkutano wowote rasmi, hadi Baraza la Mawaziri. Sifa ya baraza la asili ni kwamba ukubwa wake umewekwa na mwashi. Watu sita au saba hukaa. Wa nane husimama, na akisimama kwa muda mrefu huondoka. Palipo na mazungumzo makubwa zaidi, kama kwenye maskani za Unguja au pale Jaws Corner katika Mji Mkongwe ambako watu hunywa kahawa na kubishana siasa, bado sauti ya mwanadamu huweka mpaka. Mtu haongei na asiyeweza kumsikia. Kijiwe cha Dar es Salaam, ambacho jina lake latokana na jiwe la kukalia, ni ndugu mdogo wa baraza na hufuata kanuni hiyo hiyo, ingawa pale anayekaribishwa hupimwa kwa ucheshi wake kuliko nasaba yake.

Gazeti ndilo lililovunja mpaka wa sauti kwa mara ya kwanza. Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na safu za barua na mashairi ambamo watu wa miji iliyo mbalimbali, wasiowahi kuonana, waliulizana na kujibizana. Hapa palitokea mambo mawili yatakayorejea baadaye. La kwanza ni hodi ya maandishi: mwandishi wa barua alianza kwa kumwomba Bwana Mhariri ampe nafasi, na mhariri huyo ndiye aliyekuwa mwenyeji, tena mwenyeji mwenye mkasi mkononi. La pili ni lakabu. Washairi walijiita majina ya kujichagulia, na wasomaji wakawajua kwa majina hayo hadi yakashikamana nao. Akilimali Snow-White ni mfano mmoja mashuhuri. Wale wanaodai kwamba jina la bandia ni uovu ulioletwa na intaneti hawajasoma magazeti ya zamani. Lakabu ya mshairi ilikuwa na historia, na heshima ya kuilinda. Mtu aliyeandika ovyo chini ya lakabu yake alijichafua kama ambavyo angejichafua kwa jina la babake.

Septemba isiyokwisha

Mabaraza ya kwanza ya kompyuta yalizaliwa Marekani, na baadhi ya taabu zake zilijulikana mapema sana. Mwaka 1978 huko California lilifunguliwa baraza lililoitwa CommuniTree, ambamo mtu aliweza kupiga simu kwa kompyuta yake na kuacha maandishi. Waasisi wake waliamini uhuru wa kusema kwa dhati kiasi cha kutoweka njia rahisi ya kufuta kilichoandikwa. Mwaka 1982, kompyuta zilipoenea katika shule, wavulana wa shule wakaligundua. Wakalijaza matusi hadi diski ikajaa, na baada ya miezi michache likafa. Hakukuwa na mwizi wala adui; palikuwa na watoto waliokuta nyumba isiyo na mtu wa kuwauliza wametumwa na nani.

Kisa cha Usenet kina mafunzo zaidi. Mfumo huo ulibuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, na ukaanza kufanya kazi mwaka 1980. Kwa miaka zaidi ya kumi watumiaji wake walikuwa hasa watu wa vyuo vikuu na maabara. Kila mwaka mwezi Septemba wanafunzi wapya walipata anwani zao za kwanza na kuingia kwa kishindo. Waliuliza yaliyokwisha kuulizwa, walipiga kelele, walikosea adabu. Wenyeji waliwaelekeza, wakawakemea, wakawapa orodha za maswali yaulizwayo mara kwa mara, na kufikia Novemba au Desemba wengi walikuwa wamekwisha kuwa wenyeji nao. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Usenet ilitoa jembe lake kila vuli, na kwa muda mrefu liliwatosha wote.

Kuanzia mwaka 1993 kampuni za biashara zilianza kuwafungulia wateja wao mlango wa Usenet. Wateja wa America Online walifika mwezi Machi 1994. Wageni sasa waliingia kila siku, mwaka mzima. Mwezi Januari 1994 mtumiaji mmoja aliandika kwamba Septemba ya 1993 ingekumbukwa kuwa Septemba isiyokwisha, na jina hilo likabaki. Mwezi Aprili mwaka huo mawakili wawili walisambaza tangazo lao la biashara katika maelfu ya makundi kwa mpigo mmoja. Ni rahisi kusema kwamba wageni waliiharibu Usenet. Kwa hakika, wageni wa mwaka 1994 hawakuwa wajinga kuliko wale wa 1984. Tofauti ni kwamba majembe yaliisha. Mwenyeji mmoja aliweza kuwafunza wageni watano. Hakuweza kuwafunza mia tano, na akijaribu aligeuka mtu mkali asiyefaa kupokea yeyote. Mwezi Oktoba 1995 miongozo ya adabu za mtandao iliandikwa na kuchapishwa rasmi kama waraka wa kitaalamu. Adabu ikishaandikwa hivyo, inafaa kushuku kwamba wa kuifundisha kwa mdomo hawatoshi tena.

LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi matupu uliofunguliwa mwaka 1990 na Pavel Curtis katika maabara ya Xerox, ulionyesha upande mwingine wa tatizo. Wasimamizi wake waliitwa wachawi. Mwishoni mwa 1992 wachawi walichoka kuamua ugomvi wa watu na wakatangaza kujitoa: wao wangeshughulikia mitambo tu, jamii ijiamulie yake. Miezi michache baadaye, mwaka 1993, mwanachama mmoja aliwadhalilisha wenziwe kwa maneno mbele ya hadhara, na jamii ikagundua kwamba haikuwa na chombo cha kuamulia. Watu walikutana, wakajadili usiku kucha, hawakuafikiana. Hatimaye mchawi mmoja akamfuta mkosaji kwa uamuzi wake binafsi. Baada ya hapo Curtis aliweka utaratibu wa kupiga kura. Jumuiya iliyojidhania huru ilikuwa imetegemea busara ya wazee watatu au wanne wakati wote, bila kulikiri jambo hilo.

Jamvi na mkeka

Makundi ya kwanza ya Waafrika Mashariki mtandaoni yaliundwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa mbali na kwao: wanafunzi na wafanyakazi wa Ulaya na Marekani, pamoja na wachache wa ofisini Nairobi na Dar es Salaam. Sababu ilikuwa bei. Kabla kebo ya baharini ya SEACOM haijaanza kufanya kazi mwezi Julai 2009, intaneti ya eneo hili ilitegemea zaidi setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mtu aliyelipia dakika zake katika mgahawa wa intaneti hakuwa na dakika za kupoteza kwa soga. Uchache huo ulikuwa adha, ila uliyahifadhi makundi yale katika ukubwa wa baraza: lakabu zilifahamika, mtu akinyamaza wiki mbili aliulizwa.

Inafaa kutazama kwa nini wanachama wa JamiiForums walijichagulia neno jamvi. Mkeka na jamvi vyote husukwa, lakini mkeka ni wa kulalia, wa kuswalia, wa mtu na nyumba yake. Jamvi ni kubwa na lenye ususi mzito, hutandikwa penye harusi au msiba, na aliyealikwa na asiyealikwa huketi pamoja. Neno lilichaguliwa bila kamati yoyote ya istilahi, na lilisema kweli kuhusu mahali lilipotumika. Nchini Kenya hali ilikuwa tofauti kidogo. Katika baraza la Kenyatalk wanachama walijiita wanakijiji na kuitana wazee, na kisa kirefu cha kweli au cha kubuni kikaitwa hekaya. Tanzania ilitandika jamvi, Kenya ikajenga kijiji. Katika hali zote mbili watu walitafuta neno lenye mwenyeji ndani yake.

La kuvutia zaidi ni neno mkuu. Kiswahili hakimruhusu mtu kumwita mwenzake bila kumpima. Ili kuamkia ni lazima kujua umri, kwani shikamoo haielekezwi kwa rika. Ili kuita ni lazima kuchagua kati ya kaka na dada, mzee na kijana, bwana na ndugu. Nyuma ya lakabu vipimo vyote hivyo hupotea: aliyejiita jina la kiume huenda ni mwanamke, na aandikaye kama mzee huenda ni mwanafunzi wa sekondari. Wanajamvi walitatua tatizo kwa kumpandisha kila mtu cheo. Mkuu, neno la mwenye madaraka, likawa la yeyote anayesoma, mwanamume au mwanamke, na wakuu likawa salamu kwa halaiki. Suluhisho hili lina werevu wa kijamii ambao mipango rasmi ya lugha ingejitahidi sana kuufikia. Lina pia udhaifu wake. Pale ambapo wote ni wakuu, hakuna anayewajibika kunyamaza mkubwa anaposema. Hata matusi makali yalianza kwa "samahani mkuu".

Baraza lilipokua, lilijibu kwa kujigawa vyumba. Palikuwa na jukwaa la siasa, la lugha, la mapenzi na mahusiano, na chumba maalumu cha kujitambulisha. Mgawo huo ulikuwa wa lazima. Lakini kwa kuipa hodi chumba chake, baraza liliitenga hodi na nyumba. Mgeni alijitambulisha ukumbini kwa watu wachache wenye moyo wa kukaribisha, kisha akaenda jukwaa la siasa ambako hakuna aliyeisikia hodi yake. Wasimamizi walioonya na kufungia wanachama wakaanza kuwa sura kuu ya mamlaka, na msamiati ukafuata: mtu hakurekebishwa tena na wazee wa jamvi, alifungiwa.

Dola nayo ilikuwa imekwisha kuliona jamvi. Mwezi Februari 2008 waasisi wawili, Maxence Melo na Mike Mushi, walikamatwa na kompyuta zao zikachukuliwa. Mwezi Desemba 2016 Melo alikamatwa tena na kushtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa kuzuia upelelezi, baada ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji. Mashauri yaliyotokana na hayo yaliendelea hadi mwaka 2020. Kati yake, mwezi Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zililifanya baraza lisimamishe huduma kwa muda. Historia ya kisheria ya kesi hizo ni ya wanasheria. Kwa mada iliyopo hapa, yatosha kuona ni nini kilichobishaniwa mahakamani: kama mwenye nyumba analazimika kuwataja walioketi jamvini kwake. Waasisi walijibu kama wenyeji. Sheria iliwatazama kama watunza daftari.

Mashada, Januari 2008

Mfano mchungu kuliko yote watoka Kenya. Mashada lilikuwa miongoni mwa mabaraza ya awali ya Wakenya mtandaoni, likiendeshwa na David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani. Lugha yake ilikuwa mchanganyiko wa Kiingereza, Kiswahili na Sheng. Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, na baada ya matokeo ya urais kutangazwa tarehe 30, ghasia zilizuka ambazo, kwa hesabu ya Tume ya Waki, ziliua watu 1,133. Baraza likajaa watu na likajaa sumu. Watu walioandikiana kwa miaka kama wacheshi wa kijiwe kimoja walianza kuandikiana kama makabila.

Mwishoni mwa Januari 2008 Kobia alilifunga. Aliyepiga hodi Mashada alijikuta amepelekwa mahali pengine, kwenye ukurasa mpya uliokuwa na jina la Kiingereza lenye maana ya "sina kabila", ambamo watu waliombwa waseme jambo la kujenga. Wengi waliandika maneno mafupi, na wengine mashairi. Tarehe 14 Februari Mashada likafunguliwa upya. Kobia huyo huyo alikuwa mmoja wa walioanzisha Ushahidi mwezi Januari mwaka huo, ramani ya kukusanya habari za ghasia kutoka kwa wananchi. Jina lake la Kiswahili limekwenda mbali kuliko msamiati mwingi uliobuniwa na wataalamu.

Wapo walioona kufungwa kwa Mashada kama kushindwa, na wapo walioona kama udhibiti wa kauli. Hukumu zote mbili ni za haraka. Kobia alifanya jambo ambalo kanuni za wasimamizi haziliwazi: hakumchagua mkosaji mmoja na kumtoa, alikunja jamvi zima na kuwaambia wote waende wakapoe. Ni tendo la mwenye nyumba. Mlinzi hana mamlaka ya kufunga harusi. Baadaye mwaka huo Kenya ilitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyofanya matamshi ya chuki ya kikabila kuwa kosa la jinai, na kuanzia hapo swali la nani afunge mdomo wa nani lilihamia kwa dola.

Wakabidhi

Jumuiya ya Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ilikuwa na taabu ya aina tofauti. Haikuteswa na wingi wa watu. Kwa miaka mingi wahariri wake wa kudumu walikuwa wachache mno, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Ndesanjo Macha, mwandishi wa Kitanzania aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika Kiswahili kwa ukawaida mtandaoni, aliwahimiza wasomaji wake wajiunge. Kazi ya mwanzo ilikuwa ya istilahi. Kitabu kile kiitweje: ensaiklopidia au kamusi elezo? Wakachagua kamusi elezo. Na wale wenye ruhusa ya kufuta kurasa na kuwazuia wavurugaji waitweje?

Hapa ulinganisho unafaa. LambdaMOO ilikuwa na wachawi, watu wa uwezo usioelezeka. Mabaraza ya biashara yana wasimamizi. Wanawikipedia wa Kiswahili walichagua mkabidhi, wingi wakabidhi. Kukabidhi ni kutia amana mkononi mwa mtu. Pana ugumu wa kisarufi, kwani kwa umbo lake mkabidhi ni mwenye kukabidhi, ilhali maana inayotakiwa ni yule aliyekabidhiwa. Mwalimu mkali angetaka mkabidhiwa. Lakini wazo lenyewe ni zuri: kitu si chake, amewekewa, na ataulizwa.

Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google ilidhamini shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, na likamalizika mapema mwaka 2010. Zawadi zilikuwapo, wanafunzi wakaja kwa wingi, na makala mpya zikaongezeka kwa mamia. Nyingine zilikuwa nzuri. Nyingine zilionyesha wazi mkono wa tafsiri ya mashine, kwani Google ilikuwa imeingiza Kiswahili katika kitafsiri chake mwaka huo huo wa 2009, na upatanisho wa ngeli ukavurugika kiasi cha kuhitaji kuandikwa upya. Zawadi zilipogawanywa, wengi wa washiriki hawakurudi. Wakabidhi wachache wakabaki na shamba kubwa kuliko nguvu zao.

Wikipedia ina mwongozo maarufu unaowasihi wenyeji wasiwang'ate wageni. Mwongozo huo una hekima, ila unawaza mgeni anayetaka kubaki. Wanafunzi wale hawakupiga hodi kwa wenyeji. Walialikwa na mtu wa tatu, wakala, wakaaga. Lawama haiwastahili wao. Shindano lilihesabu makala, na makala ndizo lilizopata; kama lingehesabu waliorudi mwezi wa sita, huenda lingeendeshwa kwa namna nyingine kabisa, labda kwa watu kumi na wawili na mwenyeji mmoja kwa kila wanne.

Adimini na kulefti

Simu za bei nafuu zilipoenea, mazungumzo mengi yalihama kutoka majamvi ya wazi kwenda makundi ya WhatsApp. Ukoo, darasa la mwaka fulani, kamati ya harusi, wapangaji wa jengo moja: kila kundi likapata grupu lake. Ukubwa wa grupu uliwekwa na kampuni. Mwaka 2016 kikomo kilikuwa watu 256, na mwaka 2022 kikapandishwa hadi 1,024. Kwa mara ya kwanza tangu zama za mwashi wa baraza, ukubwa wa kikao cha Waswahili uliamuliwa na mjenzi, safari hii mjenzi wa California.

Katika grupu hodi hutoweka kabisa, kwa kuwa mtu haingii kwa miguu yake mara nyingi, huingizwa. Kitenzi kilichozuka ni kuadi, na kauli yake ya kutendwa, kuadiwa, inasema hali ilivyo: mgeni ni mtendwa. Anayeadi ni adimini. Neno hili halina amana ya mkabidhi wala adabu ya mwenyeji. Ni cheo kinachotokana na kuwa wa kwanza kubonyeza.

Kitenzi kinachostahili makala yake pekee ni kulefti. Kiswahili kinapokopa kitenzi cha Kiingereza, kwa kawaida huchukua shina lisilo na alama ya wakati: kufeli na kupasi ni mifano ya zamani. Kulefti kimechukua umbo la wakati uliopita, na sababu yake yaonekana kuwa kioo cha simu. Hadi mwaka 2022, mtu alipotoka, programu ya Kiingereza iliandika mbele ya wote kwamba fulani ameondoka, na neno hilo moja la taarifa ndilo lililookotwa likavikwa viambishi: amelefti, nitalefti, asilefti mtu. Mkopo huu umetoka katika jicho, haukutoka katika sikio. Umebeba pia fedheha ya tangazo lenyewe. Barazani mtu huaga, au huinuka kimya kana kwamba anakwenda kuswali, na hakuna tarumbeta inayopigwa. Katika grupu la ukoo, kulefti kulikuwa tamko, na mashangazi walipiga simu usiku huo huo kuuliza kulikoni. Ndiyo maana wengi walibaki katika makundi ambayo hawakuyasoma, wakiwa wameyanyamazisha, wamo na hawamo.

Kwa upande mwingine, grupu dogo limerudisha baadhi ya yaliyopotea. Watu hujulikana kwa majina yao na namba zao, shikamoo imepata tena mtu wa kuelekezwa, na mkuu amerudi kuwa mwenye cheo. Makundi ya watu thelathini au arobaini yanaonekana kuishi kwa utulivu kuliko yale ya mamia, jambo ambalo mwashi wa Lamu angelibashiri.

Suala la kumbukumbu

Yote haya yanamhusu mtafiti wa lugha kwa sababu moja ya haraka. Safu za wasomaji za Mambo Leo zimehifadhiwa. Mwanafunzi anaweza kwenda maktaba, akafungua toleo la karibu miaka mia moja iliyopita, na kusoma jinsi mtu alivyomwomba Bwana Mhariri nafasi. Makundi mengi ya Afrika Mashariki ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 yaliwekwa katika Yahoo Groups. Kampuni hiyo iliondoa maandishi yote ya makundi mwezi Desemba 2019, na mwezi Desemba 2020 ikafunga huduma yenyewe. Mashada nalo limekwisha toweka. Makundi ya WhatsApp hayana hifadhi ya pamoja: kila simu ina nakala yake, na simu ikiibwa, hutoweka nayo.

Kipindi ambacho Kiswahili kiliandikwa na watu wengi kuliko wakati wowote kabla yake, tena na watu wasio waandishi, ndicho kipindi ambacho ushahidi wake unapotea kwa kasi kubwa zaidi. JamiiForums ni miongoni mwa machache yenye mfululizo mrefu ulio wazi kwa msomaji. Nyuzi za chumba cha kujitambulisha, zikipangwa kwa miaka, zingeweza kuonyesha mambo ambayo hapa yametajwa kwa makisio tu: ni lini "hodi hodi" ilianza kufupishwa, ni lini "karibu jamvini" ilianza kuandikwa na watu wale wale wawili au watatu, na ni hodi ngapi zilizokaa bila kuitikiwa. Kazi hiyo haihitaji mitambo mikubwa. Inahitaji ridhaa ya wenye baraza, uangalifu wa kuficha lakabu za watu walio hai, na mwanafunzi mmoja mvumilivu.